Mkaza-mwana wangu yuko nasi mwaka wa tano na hazungumzi na mtu

Somo, assalaam alaykum. Natumai hujambo na wa kwako wote hawajambo. Mimi ni mkaazi wa Makunduchi, mama wa watoto wanne. Nimekuwa nikisoma majibu yako unayowapa wenzangu, nikisema iko siku nami nitakuandikia.

Mwanangu mkubwa anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Paje. Hukohuko ndiko alikokutana na mkewe, msichana kutoka Polandi aliyekuja kutembea, akarudi kwao, akaja tena, akasilimu, tukawaozesha. Huu mwaka wa tano. Wamejenga nyuma ya nyumba yangu, ua wetu mmoja, na wana mtoto wa kiume wa miaka minne. Sina baya la kumsema mkaza-mwana wangu. Anaswali, anafunga, anajisitiri, na mkono wake hauna uchoyo. Ila hazungumzi na mtu isipokuwa mumewe. Kiswahili chake ni "jambo", "asante" na "pole pole". Mimi na yeye tunaonyeshana kwa mikono.

Alipofariki dada yangu alikuja msibani, kavaa baibui lake vizuri, akakaa mkekani pamoja nasi. Kina mama wakamsalimia. Akaitika "jambo", na wasichana waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Hakufahamu wanachekea nini, lakini alifahamu kuwa anachekwa yeye. Haikupita muda akatoka akaenda kukaa ndani ya gari mpaka mumewe alipokuja. Tangu siku hiyo hahudhurii tena, si msiba, si arusi, si hitima. Hata Mwaka Kogwa uliopita nilimuona kasimama upande wa watalii na simu yake mkononi, na sisi wa nyumbani kwake tuko upande wa pili tunaimba.

Kilichonifanya niandike ni usiku mmoja mwezi uliopita. Mwanangu alikuwa zamu ya usiku. Mlango wangu ukagongwa kwa nguvu, nafungua namkuta kambeba mtoto, mtoto anawaka homa na analia. Tukakimbilia kituo cha afya. Muuguzi akauliza homa imeanza lini, ametapika, amepewa dawa gani nyumbani, iko dawa inayomdhuru? Mimi sijui. Anayejua ni mama yake, na mama yake hawezi kusema. Muuguzi alijaribu Kiingereza, kikamwishia katikati. Tukampigia mwanangu simu, haipokelewi, yuko kazini. Tulisimama pale watu wazima watatu, na mtoto analia. Alhamdulillah ilikuwa sikio, akapata dawa, amepona.

Nilipomwambia mwanangu kwamba mkewe lazima ajue Kiswahili, alinijibu: "Mama, usimsumbue. Paje nzima wanasema Kiingereza, kinatosha." Majirani wanasema anajidai. Binti yangu naye anasema hataki tu. Na mjukuu wangu anazungumza Kipolandi na mama yake na Kiingereza na baba yake. Kwangu anakuja na maneno mawili matatu.

Somo, niseme au ninyamaze? Naogopa kuitwa mama mkwe mkorofi.

Mama Haji (si jina langu), Makunduchi

*

Mama Haji, wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Nashukuru Mungu kijana amepona, na nakupa pole ya dada yako.

Sema. Huko si kuingilia ndoa ya watu. Ndoa ni yao wawili, lakini ua ni wenu nyote na mtoto ni wa kwenu nyote, na usiku ule wa homa umekupa haki ya kusema. Ila wa kuanza kuzungumza naye si mkaza-mwana wako. Ni mwanao.

Mwanao hasemi uongo. Ukanda ule wa Paje, kwenye mahoteli, mikahawa na skuli za kuteleza juu ya maji, mtu anaweza kukaa mwaka mzima kwa Kiingereza asipungukiwe. Kiwengwa hata Kitaliano kitamlisha. Lakini anayefanya kazi Paje ni yeye. Mkewe anakaa Makunduchi, na Makunduchi muuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye duka, sheha na wifi zake wanaishi kwa Kiswahili. Sheria yenyewe haimbani huyu bibi. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka anayeomba uraia ajue vya kutosha Kiswahili au Kiingereza, mojawapo kati ya hizo. Kwa hiyo kwenye karatasi za serikali Kiingereza chake kinaweza kumfikisha mbali. Kwenye mkeka wa msiba hakimfikishi, wala mbele ya muuguzi saa nane za usiku, kama mlivyoona.

Na liko jambo ambalo nadhani mwanao hajalitazama. Amejifanya mdomo wa mkewe. Anamnunulia, anamjibia, anazungumza na fundi kwa niaba yake, anampeleka kliniki na kumsemea. Anafanya kwa mapenzi na nia yake siilaumu. Lakini kila anapomsemea anamwondolea haja ya kusema, na siku simu yake isipopokelewa, mkewe hana mdomo.

Sisi Wazanzibari tunaye mtu wetu aliyepitia hayahaya, ila yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Ni Seyyida Salme, binti wa Sultan Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Wengi wanamjua kwa ile hadithi ya kutoroka na Mjerumani. Mimi naomba umtazame baada ya kufika Ujerumani. Mumewe, Heinrich Ruete, alikuwa mfanyabiashara aliyekaa Unguja miaka mingi na Kiswahili akikijua. Wakaoana Aden mwaka 1867, wakaenda kukaa Hamburg. Salme alifika hajui Kijerumani. Ndani ya nyumba alizungumza na mumewe kwa Kiswahili, na mbele ya watu mumewe ndiye aliyemfasiria. Mchana mume akiwa kwenye shughuli zake, yeye alibaki katika nyumba ambayo hata watumishi wake hasikilizani nao. Mwaka 1870 mume aligongwa na tramu akafa. Akamwacha mjane na watoto watatu, mkubwa wa miaka miwili na mdogo yuko kifuani, katika nchi ya watu, na mambo ya mali na malezi yote yakasubiri jibu lake kwa lugha ambayo bado ilikuwa ikimpa tabu.

Alijifunza, tena akajifunza kwelikweli. Kuna wakati alijitafutia riziki kwa kuwafundisha Wajerumani Kiarabu, na mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, ambazo ndizo zinazotufanya tumjue mpaka leo. Lakini miaka ile mitatu ya mwanzo ndiyo ninayotaka mwanao aifikirie. Mume alimpenda mkewe, alijua lugha yake, alimsemea kila mahali, na siku alipoondoka mke alilazimika kuanza upya akiwa na msiba mkononi. Msimulie. Mwambie mapenzi anayompa mkewe ayaongeze hili moja, la kumwacha aseme mwenyewe wakati yeye yuko hai, mzima, amekaa pembeni yake.

Sasa nije kwenu nyinyi wa nyumbani, na hapa uniwie radhi. Mwenye neno la kwanza la kujirekebisha siku ile msibani si mkaza-mwana wako. Ni wale wasichana. Huyu mwanamke ni mtu mzima. Kwao anajua kujieleza, kubishana, kutania, kufariji. Akija kwenu anageuka mtoto wa maneno matatu, na hayo matatu ndiyo aliyofundishwa na hoteli, maana wageni wote tunawasalimia "jambo" na sisi wenyewe hatusalimiani hivyo. Aliitumia salamu tuliyompa. Akachekwa nayo, tena mbele ya maiti. Nani angerudi? Anayesema anajidai nataka akumbuke kwamba mtu mwenye kujidai hakai mkekani tangu mwanzo. Yeye alikaa.

Na kuna namna nyengine tunavyowafungia wageni mlango, hata bila ya kucheka. Mgeni akijikaza akasema sentensi yake ya Kiswahili, sisi tunamjibu kwa Kiingereza. Vijana wetu ndio hodari wa hili, wanataka kuonyesha kuwa wanajua. Yule mgeni anaona juhudi yake haina kazi, anaiwacha. Kila mwaka tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tunasoma mashairi na kujisifu kwamba Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja chetu. Inaniuma kwamba mtu anaweza kukaa kwetu miaka mitano, katika kitovu chenyewe cha lugha hii, asiweze kumwambia muuguzi kuwa mwanawe anaumwa sikio.

Liko na la Kikae, lahaja yenu ya Makunduchi. Wewe unakizungumza na unakisikia kama hewa, lakini hata mtu wa mjini akija Makunduchi wazee wakizungumza wenyewe kwa wenyewe yako yanayompita. Fikiria basi mtu anayesikiliza maneno kwenye simu yake au kwenye kitabu, halafu anatoka uani anasikia kingine kabisa. Ataona hajui kitu, naye anajua. Kwa sasa wewe na binti yako zungumzeni naye Kiunguja, taratibu, sentensi fupi. Kikae kitamfuata baadaye kwa wifi zake, wala msikifiche, maana ndicho cha nyumba hiyo.

Kuhusu kusoma hasa. TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni pale Vuga mjini, ambayo siku hizi iko chini ya SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, imekuwa ikiwafundisha wageni Kiswahili miaka mingi, na ngeli zetu zinahitaji mwalimu. Hizi hazishikwi kwa kusikia tu. Najua kutoka Makunduchi mpaka mjini kwa daladala ni safari, na ana mtoto mdogo. Kama haiwezekani, mtafuteni mwalimu wa skuli aliye karibu, aje mara mbili kwa wiki, alipwe. Mwanao aliyelipa nauli za ndege hatashindwa na hilo.

Lakini darasa peke yake halimalizi kazi. Wenzetu Ujerumani, wanaopokea wahamiaji wengi, tangu mwaka 2005 wana kozi ya serikali kwa wageni, na wamekadiria kwamba mtu anahitaji takriban saa 600 za lugha ili afike mahali pa kujitegemea, ndipo zinafuata saa 100 za kujifunza sheria, historia na mwenendo wa nchi. Saa 600! Na hao wanataka mke au mume anayemfuata mwenzake, kwa kawaida, awe amefaulu mtihani wa hatua ya kwanza kabla hajapewa viza. Vijana wetu wanaooa au kuolewa huko wanavuka kwenda Dar es Salaam kuufanya. Serikali ile haitoi fedha hizo kwa huruma tu. Imeona kwamba asiyejua lugha hapati kazi ya maana, hafahamu barua ya skuli ya mwanawe, hajui haki yake, na anaishia kujifungia na wachache wa kwao. Kwetu hakuna kozi kama hiyo. Saa hizo atazipata wapi? Atazipata uani kwako, Mama Haji, na wewe ndiye mwalimu wake mkuu.

Mwite jikoni. Usimkalishe kumsomesha, mpe kazi. Mbuzi ya nazi ipo, mkalishe akune, na kila kitu kiite kwa jina lake kinapopita mkononi: hii nazi, hili dafu, hili koroma bado, hili tui la kwanza, hii chicha tuwape kuku. Kesho muulize wewe: tui liko wapi? Nipe chicha. Akikupa tui, chukua, mwambie "hili tui, nipe chicha", na endeleeni. Maneno yanayoshikwa na mkono hayatoki. Vivyo hivyo kwenye mwani. Tangu kilimo hiki kilipoanza pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, wanawake wamekuwa wakishinda baharini pamoja wakati wa bamvua, wakifunga mbegu kwenye kamba na kuzungumza mpaka maji yanaporudi. Kama una jamaa anayelima, huko kwenu au Jambiani, mwombe amchukue. "Kaza kamba", "nipe kigingi", "maji yanajaa, twende" yatasemwa mara hamsini kwa siku moja, na hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumcheka kwa sababu kila mtu ameinama. Hapo ndipo atakapopata pia mashoga. Mtu hapati shoga kwa kufasiriwa.

Mwanao naye ana sehemu yake. Akirudi kazini, baada ya magharibi mpaka isha, nyumbani kwake kizungumzwe Kiswahili tu, hata kama mazungumzo yatakuwa ya kuokoteza. Watu waliozoeana kwa lugha moja kuibadilisha ni kazi ngumu. Siku za mwanzo wataona kama wanaigiza. Wavumilie. Na mkiwa pamoja, mtu akimuuliza mkewe swali, yeye anyamaze kwanza. Anyamaze hata ikichukua muda.

Kipolandi cha mtoto usikiguse. Nimehisi katika barua yako una hofu nacho, na naielewa. Lakini hiyo ni lugha ya mama yake na ya bibi yake wa upande wa pili, ambaye naye anataka kusikia mjukuu anasema nini. Mji Mkongwe umejaa mifano. Wahindi wetu wamekaa vizazi na vizazi Kikachi na Kigujarati kikiwa ndani na Kiswahili kikiwa barazani. Wangazija na Washihiri walikuja na lugha zao, wakachukua chetu, na leo nani atawaambia si Waunguja? Na kama una jamaa Maskati, waulize habari za jamaa zetu waliokwenda Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipofungua mlango. Walifika kwenye asili yao na wengi wao Kiarabu hawakijui sawasawa, wakaambiwa ni Wazanzibari. Watakusimulia inavyokuwa kukaa katika kikao cha jamaa zako mwenyewe na usifahamu kinachozungumzwa. Kiswahili chao hawakukitupa, mpaka leo kinasemwa majumbani. Walikiongezea Kiarabu. Mjukuu wako ana umri wa kubeba lugha tatu bila kujua kuwa amebeba kitu. Mlete kwako kila siku baada ya chuo, msimulie hadithi, na mama yake akae asikilize naye. Hadithi za mtoto wa miaka minne ndizo zinazomfaa mtu anayeanza.

Na kwa mkaza-mwana wako nina neno. Naomba asomewe na mumewe kwa lugha yoyote, mara hii moja. Mwanangu, miaka mitano ni mingi. Najua ulichekwa, na kosa halikuwa lako. Lakini kukaa ndani ya gari hakukulindi, kunakutenga, na wewe ndiye unayelipa gharama yake. Umeshika Alhamdu ukubwani, kwa Kiarabu, na unaswali nayo mara tano kwa siku. Ulimi ulioweza hilo unaweza Kiswahili. Hakuna anayekutaka uzungumze kama aliyezaliwa Makunduchi. Tunakutaka uzungumze, ukikosea ukosee, na umuulize mama mkwe wako unalotaka kujua juu ya mumeo alipokuwa mtoto, maana hayo mumeo hatakufasiria.

Wiki hii, Mama Haji, kabla ya mwalimu na kabla ya mwani, anzeni na ya muuguzi. Kaeni watatu na mwanao, muandike kwenye karatasi: mtoto ana homa, imeanza jana usiku, ametapika, anaharisha, sikio linamuuma, nimempa dawa hii, dawa ile inamdhuru. Kama ipo dawa inayomdhuru, iandikwe jina lake. Karatasi ikae pamoja na kadi yake ya kliniki, na mama yake asome kwa sauti mbele yako mpaka awe haitazami. Na wewe ujue hayohayo, ili usiku mwengine mmoja wenu aweze kujibu.

Baada ya hapo mtafutie pa kurejea kwa watu. Isiwe msiba wala arusi yenye watu mia. Alika wanawake wawili tu unaowaamini, asiwemo hata mmoja wa wale wasichana, mle pamoja, na waambie mapema: msimjibu kwa Kiingereza. Akisema vibaya, mjibuni kile alichotaka kusema, na mazungumzo yaendelee.

Somo